Wiki Tatu kwa Jina la Mama

Jina la Injinia alipewa na majirani akiwa na miaka tisa, tena walimpa kwa mzaha. Siku hiyo alikuwa amefungua redio ya fundi cherehani wa chumba cha pili na kuitandaza yote juu ya gazeti, na mwenye redio alipotokea alipiga ukelele uliowatoa watu vyumbani mwao. Saa mbili baadaye redio ikawa inaongea. Iliongea kama mtu mwenye mafua, lakini iliongea.

"Haya, injinia," fundi cherehani alisema, nusu kaudhika, nusu anacheka. "Siku nyingine fungua ya kwenu."

Kwao hakukuwa na redio. Kulikuwa na yeye na mama yake basi, chumba kimoja na pazia katikati. Mama alikuwa mfanyakazi wa dobi la hospitali kubwa, jengo la nyuma lenye joto la mvuke na harufu ya dawa, ambako mashuka ya wodi zote huingia machafu mlango huu na kutoka yamekunjwa mlango ule. Mama aliishia darasa la tano. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kukalia kiti cha chuo, si upande wa mama, wala upande wa baba ambaye alishajiendea zake siku nyingi.

Kwa hiyo Injinia alipochaguliwa kusomea uhandisi wa mitambo, furaha ilidumu jioni moja tu, kisha kila mmoja akaanza kuiwaza ada, akijua na mwenzake anaiwaza. Mwezi mzima walikaa hivyo. Halafu ikaja barua ya mfuko mmoja unaofadhili vijana ambao ndio wa kwanza kwao kufika chuo. Ada, kitanda bwenini, chakula, vitabu: vyote. Mama aliisoma taratibu kwa kidole, neno baada ya neno, akauliza swali moja.

"Wanataka nini hawa?"

"Hawataki kitu, mama. Wanataka nisome."

"Hakuna mtu asiyetaka kitu," mama alisema. Lakini jioni hiyo hiyo aliizungusha ile barua mlango kwa mlango mpaka ikachanika kwenye mkunjo.

Walichotaka kilikuwa ukurasa wa tatu, kwa maandishi madogo. Mwanafunzi akikosa mtihani bila sababu iliyokubaliwa na chuo, ufadhili unasimamishwa. Injinia alikisoma, akaona hakimhusu. Yeye akose mtihani, ameingiwa na nini?

Mwaka wa kwanza ulipita salama. Mwaka wa pili, Ijumaa moja mchana, akiwa kwenye foleni ya chakula, simu yake ikalia. Alikuwa mwanamke anayefanya kazi na mama.

"Usishtuke," alianza, na hapo ndipo Injinia aliposhtuka. "Mama yako kanaswa mkono na mashine."

Mashine yenyewe ilikuwa ya kupigia pasi mashuka: rola mbili ndefu za moto zinazozunguka, shuka linaingizwa mbele likiwa bichi na kutokea nyuma limenyooka. Mbele ya rola kuna fito ya chuma. Mkono ukipita mpaka ukaigusa, mashine inatakiwa isimame papo hapo. Tatizo ni kwamba fito ile ilikuwa ikisimamisha mashine hata pasipo sababu, kazi inachelewa, wodi zinapiga kelele, hivyo mtu mmoja akaifunga kwa waya isicheze. Ilikuwa imefungwa hivyo miezi mitano.

Injinia alimkuta mama wodini, amelazwa juu ya shuka ambalo pengine alilipiga pasi mwenyewe. Mkono wa kulia ulikuwa bandeji tupu mpaka kiwiko. Vidole viwili vilikuwa vimepondeka, na ngozi ya juu ya kiganja imeungua. Lakini mama hakuwa akiulilia mkono.

"Kazi," alinong'ona. "Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu. Wataweka mtu."

Ilikuwa kweli. Msimamizi wa dobi, mwanamume mpana ambaye kalamu haimtoki sikioni, hakumficha Injinia.

"Nafasi ikikaa wazi siku tatu, wakubwa wataniuliza," alisema. "Ila kama kuna mtu wa kwenu wa kushika kwa muda, mimi sina neno. Atakuwa anasaini jina la mama yako tu, mambo yaende."

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi Injinia alikuwa amevaa aproni ya mama, anasukuma kitoroli cha mashuka yenye damu. Kwenye daftari la mahudhurio aliandika jina la mama yake kwa mwandiko uliolala, kama mama anavyoandika.

Siku ya pili alisubiri wenzake waende kunywa chai, akaikata waya ya ile fito. Swichi nyuma yake ilikuwa imejaa vumbi la pamba la miaka, na springi imelegea. Alisafisha, akaikaza, akajaribu kwa kipande cha ufagio. Mashine ikasimama. Akaiwasha, akapitisha shuka, mashine ikaendelea bila kusita. Msimamizi alipoona waya haipo alikuja juu, lakini mpaka jioni mashine haikusimama hata mara moja pasipo sababu, na yeye hakulitaja tena.

"Na chuo je?" mama aliuliza kila alipomwona.

"Wiki hizi tupo huru, mama."

Huo ulikuwa uongo. Jumatano ya wiki ya pili, saa tatu asubuhi, kulikuwa na mtihani wa hesabu za uhandisi. Injinia aliujua kama anavyojua jina lake. Alijiambia atakwenda kumweleza mhadhiri kwa mdomo wake akirudi, na mhadhiri atampa karatasi aufanye pembeni, kama walivyokuwa wakifanya walimu wake wa sekondari mtu akiugua. Pia kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Hakutaka yeyote wa chuo ajue kwamba anafua mashuka ya hospitali.

Jumatano hiyo, saa ya ukutani ya dobi ilipofika saa tatu kamili, alikuwa ameshika ncha mbili za shuka. Aliliingiza kwenye rola. Saa tatu na nusu alikuwa bado anaingiza. Saa sita watu walikuwa wanatoka kwenye ukumbi wa mtihani wakibishana juu ya swali la nne, na yeye alikuwa akikunja foronya, mashavu yake yamelowa. Mwanamke wa pembeni alidhani ni mvuke.

Wiki ya tatu ilipoisha, daktari alimruhusu mama kurudi kwenye kazi nyepesi za kuhesabu na kupanga kwa mkono mmoja. Injinia alirudi chuoni Jumatatu. Chini ya mlango wa chumba chake bwenini kulikuwa na bahasha yenye muhuri.

Aliisoma amesimama, mkoba bado begani. Ufadhili wake umesimamishwa. Anaitwa mbele ya kamati Alhamisi saa nne kueleza alikokuwa. Asipotoa sababu yenye ushahidi, atatakiwa kuachia kitanda mwisho wa mwezi.

Mwenzake wa chumbani, binti wa madaktari wawili, mchangamfu asiyejua kunyamaza, aliichukua ile karatasi mkononi mwake akaisoma.

"Kwani hukuandika barua ya kuahirisha?"

"Barua gani?"

"Ya kuahirisha mtihani! Unaandika, unaambatanisha cheti cha hospitali, unapeleka ofisi ya mitihani. Wanakupangia siku nyingine. Kila mtu anajua."

Injinia alikaa kitandani. Yeye hakujua. Mama asingeweza kumwambia, wala yeyote wa ukoo wao, wala fundi cherehani. Barua moja, ukurasa mmoja, angeiandika wodini kwa dakika kumi.

"Basi peleka ushahidi Alhamisi," mwenzake alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Leta kitu kutoka huko ulikokuwa."

Jumanne alikuwa ofisini kwa msimamizi wa dobi, kachumba kasiko na dirisha, maboksi ya sabuni mpaka darini.

"Naomba uniandikie kwamba wiki tatu nilikuwa hapa."

Msimamizi alitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Ulikuwa hapa? Nani kakuona? Fungua daftari, binti. Aliyekuwa hapa ni mama yako. Kasaini mwenyewe."

"Lakini ni wewe uliyeniambia nisaini."

"Sikiliza. Nikiandika wewe ulikuwa hapa, wataniuliza mama yako alikuwa wapi. Nikisema wodini, wataniuliza kaumia vipi. Wakija kuangalia mashine, unadhani atafukuzwa mtu mmoja?" Alifungua droo. "Mimi si mtu mbaya. Nilijua utarudi kutaka karatasi. Nina jamaa yangu wodi ya juu, kaandika hii."

Kilikuwa cheti cha daktari chenye jina la Injinia. Homa kali, amelazwa, wiki tatu. Muhuri ulikuwa wa kweli.

"Unakionyesha, wanakusamehe. Mama yako anabaki kazini. Mimi nabaki kazini. Sote tumepona. Si hivyo?"

Injinia alikichukua. Ni lazima isemwe hivyo, maana mwenyewe baadaye hakulificha: alikichukua, akakikunja vizuri, akakitia mkobani, na akasema asante.

Jioni alimkuta mama nyumbani anajaribu kuchambua mboga kwa mkono wa kushoto. Alimweleza yote, tangu Jumatano ya mtihani mpaka cheti. Mama aliacha mboga.

"Kulikuwa na mtihani?"

"Ndiyo."

"Nikakuuliza, nikiwa kitandani, ukaniambia mko huru."

"Ningekwambia, ungenifukuza nirudi."

"Ningekufukuza! Ningekutoa na fimbo na mkono huu huu mmoja!" Mama alisimama, akakosa pa kwenda, chumba ni kidogo, akakaa tena. "Mimi nimepumua mvuke miaka kumi na minne ili wewe uje uvae aproni yangu?"

Maji jikoni yalichemka na kuanza kumwagika. Injinia alikwenda kuyaepua. Aliporudi, mama alikuwa ameshika kile cheti.

"Ukitoa hiki, wakagundua?"

"Wananifukuza chuo kabisa."

"Na ukisema kweli?"

"Sina ushahidi. Karatasi zako za wodi hazisemi mimi nilikuwa wapi. Na wewe unaweza kupoteza kazi."

Mama alikigeuzageuza cheti kama mtu anayekagua shuka lenye doa. "Mkono ni wangu, na kazi ni yangu," alisema mwishowe. "Mimi nimekuruhusu kusema. Sasa huna tena pa kujifichia nyuma yangu. Ukisema, usiseme kwa ajili yangu, na ukinyamaza, usinyamaze kwa ajili yangu. Amua wewe."

Injinia alitamani mama angeamua.

Alhamisi saa nne kasorobo alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha kamati, cheti mkobani. Mlango ulipofunguliwa aliitwa kwa jina lake kamili, ambalo hakulizoea, mpaka karani akalirudia.

Walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu: mwenyekiti, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya mnyororo; mhadhiri wa mitambo, mzee mkavu ambaye hakuinua macho; na afisa wa ufadhili, mwanamke kijana mwenye faili jekundu.

"Hukufanya mtihani, hukutoa taarifa, hukuonekana wiki tatu," mwenyekiti alisema. "Tueleze. Una cheti cha daktari?"

Mkono wa Injinia uliingia mkobani wenyewe. Ukakigusa. Alikitoa, akakiweka mezani. Mwenyekiti alikivuta kwake, akaanza kukisoma, na akaanza kuitikia kwa kichwa kwa namna ya mtu aliyeridhika. Ilikuwa imekwisha. Angenyamaza tu.

"Si cha kweli," Injinia alisema.

Mhadhiri aliinua macho.

"Unasema?"

"Hicho cheti si cha kweli. Nimepewa. Sikuwa naumwa."

Mwenyekiti alivua miwani, ikabaki inaning'inia. "Binti, unajua mahali ulipo?"

"Najua, mama."

Kisha akasema yote, bila mpangilio, kwanza waya, halafu mkono, halafu daftari. Alipofika kwenye kusaini jina la mama, afisa wa ufadhili aliacha kuandika.

"Kwa hiyo," mwenyekiti alisema polepole, "umeleta cheti cha kughushi, ulisaini kwa jina la mtu mwingine, na huna karatasi hata moja ya kuthibitisha hiki unachotueleza sasa."

"Sina."

"Kwa nini hukuandika barua ya kuahirisha?"

"Sikujua kwamba huandikwa."

Hakuna aliyecheka. Yeye alikuwa amejiandaa kuchekwa, hata akawa ameinamisha kichwa kabisa. Badala yake alisikia sauti kavu ya mhadhiri.

"Hiyo swichi ya fito. Iko upande gani wa mashine?"

"Kushoto, chini ya kifuniko cha mnyororo."

"Kwa nini ilikuwa inakata ovyo?"

"Vumbi la pamba lilikuwa limeshika mvuke likagandamana, na springi ilikuwa imelegea. Mtikisiko wa rola tu ulitosha kuikata."

Mhadhiri alisukuma karatasi na penseli mpaka ukingo wa meza. "Chora."

Alichora amesimama, ameinama. Alipofika kwenye springi aliwasahau. Alichora rola, fito, swichi, akaonyesha waya ilipopita na mahali alipoikata, akaandika pembeni kipimo cha pengo ambacho fito inapaswa kuacha. Mhadhiri aliitazama ile karatasi muda mrefu usio wa kawaida.

"Huyu alikuwa huko," alisema, akimpa mwenyekiti. "Hii huwezi kuichora ukiwa na homa kitandani."

Aliambiwa asubiri nje. Alisubiri dakika arobaini. Mara sauti ya mwenyekiti ilipanda, mara ikashuka, na mara moja alimsikia wazi yule afisa wa ufadhili akisema, "Ni wa nne mwaka huu asiyejua. Wanne! Tunawalipia kila kitu, halafu tunawaachia kijitabu cha sheria. Nyumbani atamuuliza nani?"

Uamuzi ulikuwa hivi. Onyo kali la maandishi kwa ajili ya cheti, litakalokaa kwenye faili lake. Ufadhili unarudishwa kwa masharti. Mtihani ataufanya baada ya siku tisa, na akifeli, ufadhili umekwisha.

Siku tisa zile hakuzisahau. Mwenzake wa chumbani alihamishia vitabu sakafuni na kumfundisha kwa kelele kama anauza nyanya. Afisa wa ufadhili alimtafutia mwanafunzi wa mwaka wa nne wa kumsaidia, na yeye mwenyewe alimpigia simu kila siku saa mbili asubuhi, akiuliza vitu viwili tu: umekula, umefika sura ya ngapi. Ilimshangaza Injinia kwamba ule mfuko ulikuwa na mtu ndani. Mwaka mzima alidhani ni muhuri tu.

Aliufanya mtihani katika chumba kitupu, yeye na msimamizi mmoja wa mtihani aliyekuwa anapiga miayo. Swali la tatu lilimshinda, akaliacha, akalirudia, likamshinda tena. Alitoka bila kujua kama amefaulu.

Matokeo yalichukua wiki tano, na katika wiki hizo mambo ya dobi nayo yalifika mwisho. Mhadhiri aliiandikia hospitali bila kutaja jina la mtu, na mafundi walikuja wakarekebisha fito za mashine zote nne. Msimamizi alibaki na kalamu yake sikioni. Mkataba wa mama ulipoisha haukuandikwa upya. Waliambiwa kazi imepungua. Injinia alipopata habari alishindwa kumtazama mama usoni.

"Nilikwambia umeruhusiwa," mama alisema. "Sasa usinilipe kwa sura hiyo." Baada ya wiki mbili na ushei za kuhangaika alipata kazi kwenye shule ya watoto wadogo, ya kuwalaza mchana na kuwafuta makamasi. Vidole vyake viwili havikunjiki tena. Watoto wanavishika hivyo hivyo wanapovuka barabara, kwa sababu, wanasema, ni rahisi kushika.

Matokeo yalipobandikwa, Injinia alimpigia simu mama akiwa bado mbele ya ubao, watu wakimsukuma.

"Mama, nimepata hamsini na nane."

"Kati ya ngapi?"

"Mia."

"Na hizo arobaini na mbili kazichukua nani?"

Injinia alicheka hadi akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka, akachuchumaa palepale chini ya ubao na simu sikioni, mama akimwita upande wa pili, "Wewe! Upo? Hamsini na nane ni kufaulu au si kufaulu? Nijibu, watoto wanaamka!"

"Ni kufaulu, mama."

"Basi nenda kale."

Alimaliza chuo miaka miwili baadaye, na onyo lake kwenye faili. Kwenye usaili wa kazi yake ya kwanza, katika kiwanda cha vifungashio, walimuuliza kuhusu lile onyo, akawaeleza kama ilivyokuwa. Leo ndiye anayekagua vizuizi vya usalama kwenye mashine zote za kiwanda, na wafanyakazi wanamlalamikia kwamba anasimamisha kazi mno. Huwa anawasikiliza mpaka wamalize. Halafu anachukua tochi, anapiga magoti sakafuni, na anaanza kufungua kifuniko.